Nani alifuta neno "hatuuzi"?

Soma kwanza sentensi hizi mbili, taratibu, halafu ujiulize kama zinasema kitu kimoja.

Ya kwanza: "Hatuuzi pampu kwa mkulima yeyote kabla hatujapima kisima chake kinatoa lita ngapi kwa saa."

Ya pili: "Kampuni itazingatia uendelevu wa vyanzo vya maji katika kutoa suluhisho bunifu za umwagiliaji kwa wakulima."

Ya pili ndiyo iliyovaa tai, si ndiyo? Ina uendelevu, ina ubunifu, mfadhili akiisoma anatikisa kichwa kwa kuridhika. Ya kwanza imekaa kama maneno ya fundi aliyechoka kuulizwa swali lile lile. Lakini zote mbili zimetoka kwenye waraka mmoja, ukurasa ule ule wa nne, katika mpango mkakati wa kampuni moja ndogo inayouza pampu za sola. Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili ilipita miezi tisa. Mtunzaji wa waraka huo nilikuwa mimi, nikisaidiwa na akili mnemba, AI kama wengi tunavyoiita.

Leo nataka kuuhakiki waraka ule kama mtu anavyohakiki riwaya: neno kwa neno. Nina sababu mbili. Kwanza, kuna mama mmoja amepoteza msimu mzima wa nyanya, na ukifuatilia chanzo unafika kwenye ukurasa huo wa nne. Pili, ushauri wa "mpe AI dira ya kampuni yako, itakutunzia" nimeusikia kwenye semina zaidi ya moja, na kila mara unatolewa kana kwamba hauna gharama yoyote.

Waraka unaotakiwa kuwa hai

Nianze na utangulizi mfupi kwa ambao hawajawahi kubebeshwa kazi hii. Dira inasema mnakwenda wapi. Mpango mkakati unasema mtafikaje huko ndani ya miaka mitatu au mitano, kwa fedha zipi, na mtajuaje kwamba mmefika. Hata nchi inafanya hivyo: Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 ilipokaribia ukingoni tukaandika Dira 2050, ikazinduliwa Dodoma Julai 2025.

Tatizo la nyaraka hizi linajulikana. Zinaandikwa kwa mbwembwe, zinachapishwa kwenye karatasi nzito, halafu zinakaa kabatini mpaka mfadhili aulizie. Ndiyo maana wazo la msaidizi wa akili mnemba linavutia. Unampa mpango wenu, unampa kumbukumbu za vikao na takwimu za mauzo, halafu kila robo ya mwaka unamwambia "husisha". Ndani ya dakika mbili waraka mpya uko mezani. Eti waraka unakuwa hai.

Mimi natafiti maji ya ardhini. Kampuni ninayoisema ilianzishwa na rafiki zangu wawili tuliosoma nao shahada ya kwanza. Waliniomba niwasaidie upande wa visima, na kwa kuwa "wewe si unaandika andika", nikakabidhiwa na mpango mkakati. Tuliuandika kwa Kiswahili makusudi, ili mafundi wanaokwenda vijijini wausome bila kutafsiriwa. Wala sikupinga kutumia AI. Nilikuwa wa kwanza kuipendekeza.

Kabla sijaendelea, niseme msimamo wangu kuhusu mkakati ni nini, maana hukumu yangu yote inakaa hapo. Mwaka 1994 Henry Mintzberg aliandika kitabu kizima, The Rise and Fall of Strategic Planning, akieleza kwamba kupanga na kufikiri kimkakati ni kazi mbili tofauti: kupanga ni kuchambua na kugawa vipande, kufikiri kimkakati ni kuviunganisha hadi upate mwelekeo. Miaka miwili baadaye Michael Porter, kwenye makala yake ya mwaka 1996 katika Harvard Business Review, alisisitiza kwamba kiini cha mkakati ni kuchagua usichokifanya. Mimi namuunga mkono Porter kwa sababu ya kawaida kabisa: kila kampuni ya pampu inataka kuuza pampu, kwa hiyo "tutauza pampu" haikuelezi chochote. "Hatuuzi kabla ya kupima" inakueleza kampuni hii ni ya nani na iko tayari kupoteza nini.

Kwa Kiswahili uchaguzi huo mara nyingi unabebwa na kiambishi kidogo tu: hatu-. Hatuuzi, hatukopeshi, hatuendi. Ukitaka kujua kama mpango mkakati una mkakati ndani yake, tafuta hatu-.

Sentensi moja, matoleo manne

Sasa twende kwenye ukurasa wa nne.

Januari. Tulikuwa karakanani, tumekalia maboksi ya pampu. Fundi wetu mkuu, mtu mzima aliyefunga pampu kabla sisi hatujajua kusoma, alitusikiliza tukibishana kuhusu "thamani za kampuni" mpaka akachoka. Akasema, "Vijana wangu, andikeni hivi: hatuuzi kabla hatujapima. Basi. Mengine mtajaza wenyewe." Akatueleza kuhusu pampu zilizoungua mikononi mwake kwa sababu zilifungwa kwenye visima visivyo na maji ya kutosha. Tukaandika kama alivyosema, tukaongeza lita kwa saa.

Aprili. Nilimwambia msaidizi: fupisha waraka, uwe wa kitaalamu zaidi. Ikaja: "Kampuni itapima uwezo wa kisima kabla ya kuuza pampu." Nikaisoma, nikaona sawa. Na kweli maana inakaribia kuwa ile ile. Lakini angalia kilichoondoka. "Hatuuzi" ni katazo, "itapima" ni ahadi. Ukivunja katazo umekosea leo hii. Ahadi ukichelewa kuitimiza, unasema bado tuko kwenye mchakato.

Julai. Mkuu wa mauzo aliomba waraka uoanishwe na malengo mapya ya mauzo. Ikaja: "Kampuni itahakikisha tathmini ya vyanzo vya maji inafanyika katika mchakato wa mauzo." Hapa limeanguka neno moja, "kabla". Tathmini inafanyika ndani ya mchakato, lakini lini? Mwanzoni, katikati, au baada ya hela kuingia? Sentensi haijali. Tena "kisima chake", kile cha mama fulani nyuma ya nyumba yake, kimegeuka "vyanzo vya maji", ambavyo havina mwenyewe.

Oktoba. Tulikuwa tunaomba ruzuku, nikamwambia msaidizi aufanye waraka uendane na lugha ya wafadhili. Ndipo ikaja ile ya tai: "Kampuni itazingatia uendelevu wa vyanzo vya maji katika kutoa suluhisho bunifu za umwagiliaji kwa wakulima." Kupima hakupo tena. Kilichobaki ni kuzingatia, na kuzingatia ni kitendo unachoweza kukifanya ukiwa umekaa kwenye kiti, umefumba macho.

Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya ajabu. Ukinionyesha Aprili karibu na Januari, naweza kuitetea. Julai karibu na Aprili, naweza kuitetea pia. Ukiweka Oktoba karibu na Januari ndipo unaona kwamba kampuni imebadilisha msimamo wake bila kikao, bila kura, na bila mtu yeyote kubadilisha mawazo.

Mwezi Novemba tuliajiri fundi kijana. Akapewa mpango mkakati ausome, akausoma wote, jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tumelifanya kwa miezi. Kisha akaenda kijijini, mkoani Dodoma, akauza pampu nne. Hakuna kanuni aliyovunja, kwa sababu kanuni haikuwepo tena.

Pampu moja kati ya hizo ilifungwa kwenye kisima cha mama mmoja mwenye bustani ya nyanya. Sehemu kubwa ya Dodoma imekaa juu ya miamba migumu ya kale, na maji yanapatikana kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu la mwamba uliolika. Visima viwili vinaweza kuachana hatua hamsini tu, kimoja kikawa na maji tele na kingine kikawa cha kusuasua. Tena kisima hakifanani na tangi. Maji yanaingia humo polepole kutoka pembeni, na ukiyavuta kwa kasi kuliko yanavyoingia, usawa wake unashuka mpaka pampu inameza hewa. Pampu ile ilikuwa na uwezo wa lita 2,000 kwa saa. Kisima chake, tulipokuja kukipima baadaye, kilitoa kama lita 400.

Mama alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, hii pampu yenu inavuta upepo." Alikuwa ameongeza eneo la bustani kwa sababu tulimuuzia matumaini ya maji zaidi. Kampuni ilirudisha hela yake na kuchukua pampu. Nyanya hazikurudi.

Kwa nini sentensi zinalainika

Hapa ndipo sayansi inapoingia, na naomba uvumilie aya chache.

Modeli ya lugha, ukiivua mapambo yote, kazi yake ya msingi ni kukisia: kwa maneno haya yaliyotangulia, kipande gani cha neno kinafuata? Vipande hivyo huitwa tokeni. Muundo unaotumika kwenye modeli nyingi za leo, yaani transfoma, ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017. Modeli inafundishwa kwa maandishi mengi mno mpaka inakuwa hodari wa kujua ni nini kwa kawaida kinafuata nini. Neno la kushika hapo ni "kwa kawaida". Mipango mikakati iliyoandikwa duniani imejaa uendelevu na suluhisho bunifu. Michache sana ina sentensi ya fundi aliyekalia boksi. Ukiiambia modeli "boresha" bila kusema zaidi, unaialika ikuvute kuelekea pale ambapo nyaraka za aina hiyo hukaa kwa kawaida, na sentensi yako iliyokuwa na makali ndiyo iliyo mbali zaidi na hapo.

Sidai kwamba haiwezi kufanya vingine. Ukiiambia "usiguse sentensi hii", mara nyingi itakutii. Ninachosema ni kwamba usipoiambia, mteremko unaelekea upande mmoja.

Jambo hili si geni wala si la mashine peke yake. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha kitabu cha Remembering. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, ngeni kabisa kwao, waisome kisha waisimulie tena kwa kumbukumbu. Katika baadhi ya majaribio msimulizi mmoja alimpa mwingine, naye akampa wa tatu, kama mchezo wa kunong'onezana masikioni. Hadithi ikawa fupi, mambo ya mizuka yakapungua au yakatoweka, na mitumbwi ya wenyeji ikageuka mashua za kawaida. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila msimulizi alirekebisha kidogo ili hadithi iingie akilini mwake vizuri zaidi.

Mpango wetu ulipita mkondo huo huo. Msaidizi alikuwa anahuisha toleo lililotangulia, si la kwanza. Nakala ya nakala ya nakala. Wewe uliyesoma chuo unaijua mitihani ya miaka ya nyuma inayouzwa steshenari: fotokopi ya fotokopi, mpaka namba 3 na namba 8 zinafanana. Tofauti ni kwamba fotokopi ikichakaa unaiona kwa macho. Waraka wa AI kila nakala inazidi kung'aa. Kinachofifia ni maana, na maana haifanyi doa kwenye karatasi.

Kuna tabia ya pili. Baada ya mafunzo ya kukisia, modeli hizi hufundishwa tena kwa kutumia maoni ya watu: jibu hili limependwa, lile halikupendwa. Inasaidia sana, lakini ina madhara yake, maana binadamu tunapenda kukubaliwa. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la modeli yake ya GPT-4o siku chache tu baada ya kulitoa, ikikiri kwamba lilikuwa linawasifia na kuwakubalia watumiaji kupita kiasi. Kwetu ilikuwaje? Nilipouliza kama mpango unalinda vyanzo vya maji, nikajibiwa unalinda vizuri. Mkuu wa mauzo alipouliza kama mpango unaharakisha mauzo, naye akajibiwa unaharakisha vizuri. Kwenye kikao cha watu tungegombana, na ugomvi huo ndio ungeiokoa sentensi.

Tabia ya tatu inahusu urefu. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Nelson Liu wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba modeli walizozipima, zikipewa maandishi marefu, zilitumia vizuri zaidi habari zilizoko mwanzoni na mwishoni kuliko zilizozikwa katikati. Modeli zimeboreshwa tangu wakati huo. Hata hivyo, ukimpa msaidizi kurasa arobaini pamoja na kumbukumbu za vikao kumi, usiamini kwamba kila mstari umepewa uzito sawa.

Upande wa pili wa mizani

Ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya kwa kuficha, kwa hiyo nieleze na mazuri.

Msaidizi huyo huyo ndiye aliyegundua kwamba ukurasa wa tatu tulisema tutauza pampu 200 kwa mwaka, wakati jedwali la ukurasa wa kumi na moja lilisema 260. Watu wanne tulikuwa tumeusoma waraka bila kuliona hilo. Aligeuza kumbukumbu za vikao zilizoandikwa ovyo ovyo kuwa orodha ya kazi na wahusika. Kwa kampuni isiyo na hela ya kuajiri ofisa mipango, hiyo si faida ya kubeza.

Utafiti unaonyesha sura hizo mbili kwa pamoja. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard Business School na wenzao waliwapima washauri 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group. Katika kazi ambazo AI inaziweza, washauri walioitumia walikamilisha kazi nyingi zaidi kwa asilimia 12.2, kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 25.1, na ubora wa kazi zao ulikuwa juu kwa zaidi ya asilimia 40. Lakini katika kazi iliyochaguliwa makusudi kwa sababu iko nje ya uwezo wake, waliotumia AI walipungukiwa na pointi 19 za asilimia katika kupata jibu sahihi, wakilinganishwa na wale ambao hawakuitumia. Na hawa ni washauri wa kulipwa, wasomi. Ugumu ni kwamba mpaka kati ya kazi inazoziweza na zile isizoziweza hauna alama barabarani.

Halafu kuna jambo linaloniumiza kichwa mpaka leo. Baada ya simu ya mama, nilimpa msaidizi toleo la Januari na la Oktoba kwa pamoja, nikamwuliza: orodhesha kila katazo na kila ahadi iliyomo kwenye toleo la kwanza na haimo kwenye la pili. Haikupita dakika moja, "hatuuzi" ikaja, namba moja kwenye orodha. Yakaja na mambo mengine matano. Tulipoyakagua kwa macho, moja lilikuwa kosa lake, kwa kuwa ahadi hiyo ilikuwa bado ipo, imehamia ukurasa mwingine. Manne yalikuwa ya kweli.

Yaani aliyeizika sentensi ndiye aliyeifukua, siku nilipouliza swali jingine. Kumwambia aandike upya na kumwambia alinganishe ni kazi mbili tofauti, na sisi kwa miezi tisa tulimpa ile ya kwanza peke yake.

Alifuta, ilifuta, au nilifuta?

Wakati wa kuandika makala hii Kiswahili kimenibana. Msaidizi wa AI niseme "alifuta" au "ilifuta"? Umeona nimekuwa nikibadilisha badilisha. Ukimwita msaidizi unampa ngeli ya watu, na ukishampa ngeli ya watu unaanza kumpa na lawama za watu.

Mficha uchi hazai, wacha niseme. Nilirudi kwenye historia ya waraka nikatafuta siku ambayo mtu aliamua kwamba tuuze bila kupima. Siku hiyo haipo. Kuna siku tatu ambazo mimi nilipokea toleo jipya, nikalipitia kwa macho, nikaona limenyooka, nikabofya kukubali. Jibu la swali la kichwa cha makala ni kwamba nilifuta mimi.

Utaniambia hata kamati za watu hulainisha nyaraka, na ni kweli, lugha ya uendelevu ilikuwepo kabla ya AI. Lakini kamati ni polepole na ina kelele. Ili "kabla" ifutwe kwenye kamati, lazima mtu apendekeze, na fundi mkuu angekuwepo pale akauliza, "Kwa nini mnaitoa?" Kasi ya dakika mbili ilituondolea hilo swali pamoja na aliyepaswa kuliuliza. Tulidhani tumeokoa muda wa kuandika. Tulichokiruka hasa ni kukutana, na thamani ya mpango mkakati, kama Mintzberg anavyotukumbusha, iko kwenye kufikiri kunakoutangulia waraka.

Tunafanyaje sasa

Hatujaacha kutumia AI. Tumebadilisha kazi yake, na hizi ndizo taratibu zetu, zichukue ukiona zinakufaa.

Sentensi za uamuzi tumezitenga ukurasa wake, tunaziita mawe ya mpaka. Kila moja ina tarehe, sababu, na majina ya waliokuwepo. Msaidizi haruhusiwi kuzigusa, na sisi haturuhusiwi kuzigusa bila kikao. Wanaoandika programu walilitatua jambo hili zamani: mfumo wa Git, uliotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, unahifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, na huachi badiliko bila maelezo mafupi ya umefanya nini. Sisi tunatumia daftari na faili la kawaida, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Msaidizi hatuletei tena waraka safi. Anatuletea orodha ya mabadiliko: hiki kilikuwa hivi, napendekeza kiwe hivi, na kwa mabadiliko haya kitu fulani hakikatazwi tena. Inachosha kusoma. Ni vizuri ichoshe.

Kila robo ya mwaka tunalinganisha na toleo la Januari, hatulinganishi na lile la robo iliyopita peke yake. Mteremko mdogo hauonekani mpaka ugeuke uangalie ulikoanzia.

Mwisho, na hili ni wazo la fundi mkuu: kila sentensi ya mpango inasomwa kwa fundi kijana, kisha anaulizwa, "Hii inakukataza nini?" Akishindwa kujibu, sentensi hiyo hairuhusiwi kukaa kwenye mkakati. Tunaihamishia kwenye maombi ya ruzuku, ambako itapata wenzake.

Sentensi ya ukurasa wa nne imerudi. Sasa ni ndefu kuliko ya Januari na haina mvuto wowote: "Hatuuzi pampu kwa mkulima yeyote kabla hatujapima kisima chake kinatoa lita ngapi kwa saa, kwa sababu tuliwahi kuuza bila kupima na mkulima akapoteza msimu." Msaidizi amependekeza mara mbili tuifupishe.

Kama ofisini kwenu kuna mpango mkakati, ufungue leo uhesabu hatu- zilizomo. Ukikuta hakuna hata moja, tafuta toleo la kwanza kabisa, uliweke pembeni ya la sasa, na uyasome yote mawili kwa sauti mbele ya mtu anayekwenda kwa wateja.